Batri ya Tondezi: Namna ya Kuichagua na Kuitunza Bila Kuungua

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani ambao mnausoma ukurasa huu kabla ya mabwana zenu,

Mwezi wa kumi uliopita, karibu saa tano ya usiku, zamu wa dispanseri alipiga hodi kwangu. Majirani walikuwa wamemleta mfanyakazi mmoja wa atelie. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeungua, ngozi ya vidole imeinuka malengelenge, na mtoto wake wa miaka saba alikuwa akikohoa bila kupumzika. Nyumba yao haikuteketea yote, ni chumba kimoja tu. Na kilichowaka hakikuwa makala, wala petroli ya taa, wala resho. Ilikuwa batri ya tondezi, yaani mashini ya kukata majani.

Mtu huyo na kaka yake walikuwa wamenunua tondezi ya batri mjini. Siku ya Jumapili walikata majani katika malupango ya watu ili kuongeza pesa ya shule ya watoto. Kazi ya halali, kazi nzuri. Katika wiki zilizofuata, kila nilipombadilishia bendeji, nilimwuliza polepole mambo yalivyokwenda. Sikumwuliza kwa kumlaumu. Nilitaka kujua, kwa sababu mashini hizi zinaongezeka katika kambi yetu, kwenye bustani ya hospitali, kwenye uwanja wa shule, na sasa hata kwa watu binafsi. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika, mradi jina lisitajwe.

Alinieleza mambo manne. Batri ilikuwa imeanguka toka juu ya baiskeli wiki mbili mbele, na ganda lake lilikuwa na ufa. Siku ile iliachwa juani toka saa sita mpaka saa tisa. Sharjeri yake ilikuwa imekufa, basi akaazima nyingine. Na usiku aliiweka batri juu ya godoro, akalala. Jambo moja peke yake pengine lisingeleta moto. Yote manne pamoja yaliuleta.

KWA NINI WATU WANAIPENDA MASHINI HII

Zamani tulikuwa na kupekupe, na mpaka leo kupekupe ndiyo inayokata majani mengi zaidi hapa kwetu. Halafu ikaja tondezi ya esansi. Ile ina kelele nyingi, na mtu anayeisukuma kila siku bila kuziba masikio ataanza kusikia vibaya kabla ya uzee. Moshi wake una oksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu inayoua mtu katika chumba kilichofungwa. Tena esansi yenyewe: wangapi wamemwaga esansi juu ya injini ya moto kwa haraka ya kumaliza kazi?

Tondezi ya batri haina moshi wala esansi, na kelele yake ni ndogo. Kwa hiyo mimi kama mtu wa afya siipingi. Lakini huo ukimya wake una hatari yake, nitaieleza mbele kidogo.

Niongeze jambo moja pembeni. Watu wengi wananiambia kwamba wanakata majani ili kufukuza malaria. Majani marefu yanaficha nyoka na panya, hilo ni kweli, na kwa sababu hiyo inafaa kuyakata. Lakini mbu wa malaria anazaliwa katika maji yaliyosimama. Ukikata majani vizuri na kuacha madimbwi ya maji ya mvua nyuma ya jikoni, malaria hujaigusa.

NDANI YA BATRI MNA NINI

Kuna namna mbili ambazo utazikuta. Ya kwanza ni batri ya risasi na asidi, ndugu ya batri ya gari. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka wa 1859, na bado inafanya kazi duniani kote. Kila seli yake inatoa volti 2, basi batri ya volti 12 ina seli sita. Ni nzito sana. Tondezi za batri za miaka ya nyuma zilitumia batri za namna hii mbili au tatu, na mtu alisukuma uzito wote huo juu ya majani.

Ya pili ni batri ya litiamu. Ilianza kuuzwa mwaka wa 1991 na kampuni ya Sony ya Japani. Mwaka wa 2019 wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa zawadi ya Nobel ya kemia kwa sababu ya kazi waliyoifanya juu yake. Sisi watu wa Katanga tuna sehemu yetu katika jambo hili: batri nyingi za litiamu zina kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa upande wa Kolwezi na Fungurume. Udongo unatoka hapa kwetu, unazunguka dunia, unaturudia katika sanduku la plastiki lenye maandishi ya kigeni. Ni vema basi tujue kulishika.

Kila seli ya litiamu ina karatasi mbili nyembamba za madini zilizokunjwa pamoja kama mkeka. Katikati yake kuna ngozi ya plastiki, nyembamba kuliko unywele, na maji ya dawa yanayoshika moto kwa urahisi. Ngozi ile ndiyo inayozuia karatasi mbili zisigusane. Batri ikianguka, ikibanwa, ikipata joto kali au ikijazwa kupita kiasi, ngozi inaweza kutoboka au kuyeyuka. Hapo karatasi zinagusana na joto linapanda. Joto la seli moja linaipasha seli ya jirani, na hiyo inaipasha ya tatu. Ndiyo maana moto wa batri hizi hauzimiki kama moto wa kuni: joto linatoka ndani, halihitaji mtu kulichochea.

KUCHAGUA

Unapoingia magazini, muuzaji atakutajia volti. Usivutwe na namba peke yake. Seli moja ya litiamu ina volti 3,6 wakati wa kazi na volti 4,2 ikiwa imejaa kabisa. Weka seli 10 katika mstari: utapata volti 36 za kazi. Sasa kampuni moja inaandika 36, nyingine inaandika 40 kwa sababu inahesabu batri iliyojaa. Ni kitu kimoja. Vilevile 18 na 20 ni kitu kimoja. Nimeona watu wawili wanagombana juu ya jambo hilo mbele ya muuzaji, naye anacheka tu.

Namba inayofaa zaidi ni ile unayoipata ukizidisha volti kwa ampea-saa. Batri ya volti 36 na ampea-saa 5 ina wati-saa 180. Hiyo ndiyo akiba yake, kama lita katika tangi la esansi. Tondezi ikila wati 600, utagawanya 180 kwa 600, nawe utapata dakika 18 za kazi. Ikiwa majani ni marefu na yenye maji, mashini itakula zaidi na dakika zitapungua. Basi pima kwanza lupango lako. Kwa bustani ndogo ya nyumba ya kambi batri hiyo inatosha. Kwa uwanja wa shule haitoshi hata robo.

Watu wananiuliza kama ni afadhali kununua batri moja kubwa au mbili ndogo. Mafundi wa umeme watakuambia kwamba batri kubwa haichoki upesi, kwa sababu seli zake ni nyingi na kila moja inabeba mzigo mdogo. Wana haki. Lakini mimi ningenunua mbili. Ukiwa na mbili, moja inapoa kivulini wakati nyingine inafanya kazi, na huna haraka ya kuijaza ikiwa moto. Katika mambo ya batri, haraka ndiyo inayoniletea wagonjwa.

Uliza pia kama ni litiamu ya namna gani. Ipo ile yenye nikeli na kobalti, ambayo ni nyepesi na yenye nguvu. Ipo nyingine ya chuma na fosfati, ambayo haina kobalti hata kidogo (samahani kwa wenzetu wa Kolwezi). Hii ni nzito zaidi kwa nguvu ileile, lakini inavumilia joto vizuri zaidi na inaishi miaka mingi zaidi. Ukiikuta inayofaa tondezi yako, usiidharau kwa sababu ya uzito.

Jambo la mwisho la kuchagua ni udanganyifu. Batri za uongo ziko nyingi sokoni. Njia rahisi ni mizani ya muuza samaki. Batri ya volti 36 na ampea-saa 5, hata ikitumia seli 10 tu za zile kubwa, seli peke yake zinafika karibu gramu 700, bila ganda, bila waya. Ikiwa na seli ndogo 20, zinapita gramu 900. Sasa mtu akikuuzia batri yenye maandishi hayo na mizani inaonyesha gramu 500, ujue ndani mna hewa. Batri za namna hiyo mara nyingi hazina hata ile kadi ndogo ya elektroniki inayokata umeme batri inapojaa au inapopata joto. Batri ya mgonjwa wangu haikuwa nayo. Tuliifungua baadaye pamoja na fundi wa atelie, au tuseme tulifungua kilichobaki, na kadi hatukuiona.

KUJAZA

Kila batri ijazwe na sharjeri yake. Hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini, kwa maana wengi wanafikiri kwamba volti zikifanana basi yote ni sawa.

Sharjeri aliyoiazima mgonjwa wangu iliandikwa volti 36, na batri yake pia iliandikwa volti 36. Lakini sharjeri ile ilikuwa ya batri za risasi, ilitoka kwenye baiskeli ya umeme ya zamani. Batri za risasi za volti 36 zinajazwa mpaka volti 44 hivi. Batri ya litiamu ya seli 10 mwisho wake ni volti 42. Gawanya 44 kwa seli 10: kila seli inasukumwa mpaka volti 4,4, na ilipaswa kusimama kwenye 4,2. Tena mdomo wa sharjeri haukuingia katika batri, basi akaunganisha kwa waya mbili. Mdomo ukikataa kuingia, mashini inakuambia jambo. Usiitie waya ili kuinyamazisha.

Baada ya kukata majani, batri ina joto. Iweke kivulini, iache nusu saa au zaidi, mpaka ukiishika unasikia baridi ya kawaida. Ndipo uijaze. Sharjeri nzuri inakataa yenyewe kujaza batri yenye joto: taa inawaka nyekundu au inapepesa. Watu wanaichomoa na kuichomeka tena, wanaipiga hata kofi. Iacheni, inangoja batri ipoe. Na katika mwezi wa tisa na wa kumi, wakati jua la kwetu linapochoma, usiache batri juu ya majani makavu, wala juu ya bati, wala ndani ya gari lililofungwa.

Mahali pa kujazia ni juu ya simenti, mbali na godoro, mapazia, nguo na karatasi. Pasiwe kwenye njia ya kutokea. Hilo la mwisho watu hawalifikirii. Wanaweka sharjeri karibu na mlango kwa sababu prizi iko pale, na batri ikiwaka usiku, moto unakuwa kati yao na mlango. Jaza mchana, mtu akiwepo nyumbani na macho yakiwa wazi. Najua mtasema: munganga, umeme wenyewe unakuja usiku. Ni kweli, mara nyingi ndivyo ulivyo. Basi jaza kwenye baraza au jikoni ya nje, mtu mkubwa mmoja akeshe mpaka taa iwe kijani, halafu achomoe na kwenda kulala. Batri ya ampea-saa 5 na sharjeri ya ampea 5 zinachukua zaidi kidogo ya saa moja. Sharjeri ya ampea 2 itachukua saa mbili na nusu au tatu. Hesabu kabla ya kuanza.

Umeme ukikatika, chomoa sharjeri. Unaporudi, mara nyingi unarudi kwa nguvu, unapanda na kushuka. Ngoja dakika tano au kumi, taa za nyumba zitulie, ndipo uchomeke tena.

WAKATI WA KAZI

Nilisema ukimya wa mashini hii una hatari. Tondezi ya esansi ikizimika, kila mtu anasikia imezimika. Tondezi ya batri ikisimama, iko kimya. Na ikiwa tayari kuzunguka, pia iko kimya. Mwaka jana nilimhudumia mtunza bustani mmoja aliyekatwa ncha za vidole viwili. Majani yenye maji yalikuwa yameziba chini ya mashini. Akaipindua ili ayatoe kwa mkono. Mwenzake, kwa kutaka kusaidia, akashika mkono wa mashini na kubana kishikio. Batri ilikuwa bado ndani.

Basi kabla ya kuipindua, kabla ya kuisafisha, kabla ya kugusa kisu kwa sababu yoyote: toa batri na uitie mfukoni au mpe mwenzako. Kuzima peke yake hakutoshi. Na ukiachia kishikio, ngoja kisu kisimame kabisa, kwa maana kinaendelea kuzunguka kwa sekunde chache. Vaa botini, si sandali. Watoto wakae mbali, mawe yanaruka.

Yapo mambo ya kazi ambayo yanaipa batri maisha marefu. Noa kisu: kisu butu kinapasua majani badala ya kuyakata, na mashini inakula umeme mwingi zaidi. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa majani kwa mara moja. Yakiwa marefu mno, piga kwanza kwa kupekupe, au inua magurudumu ukate mara mbili. Anza umande ukikauka, maliza kabla jua halijasimama kichwani. Mashini ikianza kulia kwa shida, simama, usiilazimishe. Mvua ikija, ingia ndani nayo. Batri iliyolowa ipangusiwe na iachwe ikauke kabla ya kujazwa, na ikiwa maji yameingia ndani ya ganda, hiyo usiijaze tena.

WAKATI WA KIPWA

Toka mwezi wa sita mpaka mvua ya mwezi wa kumi au wa kumi na moja, majani hayaoti, na tondezi inalala. Batri ya litiamu hailali ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Iache nusu, taa mbili kati ya nne, mahali pakavu na penye baridi, nje ya mashini. Ichungulie kila mwezi au kila miezi miwili. Taa ikibaki moja, iongeze kidogo. Ikiachwa tupu kwa miezi mingi, shaba iliyo ndani ya seli inaanza kuyeyuka. Siku utakapoijaza, shaba hiyo inaweza kuunganisha karatasi mbili zile zisizotakiwa kugusana. Kwa hiyo batri iliyokufa kipwa kizima na sharjeri inaikataa, usimpelekee fundi wa barabarani aiamshe kwa nguvu. Wapo wanaoijua kazi hiyo na inafanikiwa mara nyingi. Mimi ninawaona siku isipofanikiwa.

Batri ya risasi ni kinyume: ilale ikiwa imejaa, na ijazwe tena kila mwezi. Volti 12,7 maana yake imejaa, 12,2 maana yake imebaki nusu hivi, na isishuke chini ya hapo mara kwa mara. Ile yenye vifuniko iongezwe maji yaliyosafishwa ya kununua, wala si ya bomba au ya kisima. Inapojazwa inatoa hidrojeni, hewa inayolipuka, basi dirisha liwe wazi na sigara iwe mbali. Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi ya bomba dakika 20 bila kuacha, kope zikiwa wazi, halafu kimbia dispanseri. Usitie soda wala maziwa jichoni.

BATRI IKIUMWA, NA MOTO UKITOKEA

Batri ya litiamu inayoumwa inajulikana. Inavimba, ganda linaachana. Inapata joto hata ikiwa haifanyi kazi. Inatoa harufu tamu kidogo, kama etere yetu ya dispanseri. Inasema imejaa, na dakika tatu baadaye imekwisha. Ukiona moja ya dalili tatu za kwanza, chomoa kila kitu, itoe nje, iweke juu ya mchanga au simenti mbali na nyumba. Usiifungue kwa turnevisi.

Ikianza kupiga kelele kama mafuta yanayokaanga na kutoa moshi, dakika hazipo tena. Toa watu nje kwanza, watoto mbele. Zima umeme kwenye kontere. Moshi ule ni sumu: una oksidi ya kaboni na asidi ya fluori, inayochoma mapafu. Mgonjwa wangu aliikamata batri kwa mikono mitupu ili aitupe nje, ndiyo maana aliungua. Na mtoto alibaki chumbani wakati baba akihangaika na batri. Kama angembeba mtoto kwanza na kuacha godoro liungue, tungekuwa na hasara ya godoro tu. Ninaandika hivyo nikijua kwamba usiku, katika moshi, mtu hafikiri. Kwa hiyo fikirini leo.

Kama umeme umezimwa na unaweza kusimama mbali, mwaga maji mengi, ndoo baada ya ndoo. Mchanga unazuia ndimi za moto lakini haupozi, na batri hizi zinapenda kuwaka tena baada ya saa nyingi. Usirudishe batri iliyoungua ndani ya nyumba usiku ule, hata ikiwa baridi.

Aliyevuta moshi aje hospitali hata akisema hana kitu. Mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, wakati kila mtu amekwenda kulala. Aliyeungua: maji baridi ya bomba yapite juu ya kidonda dakika 20. Toa pete na saa kabla vidole havijavimba. Funika kwa kitambaa safi. Usipasue malengelenge, usipake dawa ya meno, wala mafuta ya mawese, wala oili ya gari. Ndiyo, ya gari. Nimeiona zaidi ya mara moja.

Kidole kikikatwa na kisu cha tondezi, banda kidonda kwa kitambaa safi na inua mkono juu. Kipande kilichokatika kiokoteni. Kifungeni katika kitambaa safi chenye maji kidogo, kitieni katika sashe iliyofungwa, na sashe hiyo iwekwe juu ya barafu ya frigo. Kipande chenyewe kisiguse barafu.

BATRI ZA ZAMANI

Usizitupe katika shimo la takataka, na usizichome. Zaidi ya yote, usivunje batri ya risasi uani ili kuyeyusha risasi. Toka mwezi wa kumi na moja 2007 mpaka mwezi wa tatu 2008, katika mtaa mmoja wa Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegali, watoto 18 walikufa kwa sumu ya risasi. Wazazi wao walikuwa wakichekecha udongo uliochanganyika na mabaki ya batri ili kupata risasi ya kuuza. Watoto walicheza katika vumbi lile. Vumbi la risasi linashika mikono, nguo, chakula, na katika mwili wa mtoto linaharibu akili hata pale lisipoua.

Kwa sababu hiyo tumeomba pipa moja lenye mchanga liwekwe nyuma ya magazini ya vifaa. Liko pale toka mwezi wa kwanza. Leteni batri za tondezi, za lampi, za simu, hata ikiwa si za kazi. Kabla ya kuleta, zibeni midomo ya batri kwa ukanda wa plastiki wa mafundi wa umeme, ili chuma kisiguse chuma njiani. Mwenye zamu hatauliza mmeipata wapi.

Mtoto yule alilala hospitali siku nne, na wiki iliyofuata alirudi shuleni. Baba yake alirudi atelie baada ya wiki saba. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto bado hakijakunjika vizuri, na kila Jumanne asubuhi anakuja kwangu kukifanyisha mazoezi.